Milango ikifungwa na kiingilio kikakauka: msaada upi uiokoe klabu ya daraja la chini?

Klabu kubwa ikicheza bila mashabiki hupungukiwa. Klabu ndogo ikicheza bila mashabiki hukosa mshahara wa kulipa. Tofauti hiyo ilionekana wazi Uingereza kuanzia tarehe 13 Machi 2020, ligi ziliposimamishwa kwa sababu ya korona. Ligi Kuu ilikuwa na televisheni ya kuegemea. Klabu za League One, League Two na National League, yaani madaraja ya tatu, ya nne na ya tano, zilikuwa zikiishi kwa kiingilio, kwa vinywaji na vitafunwa vya siku ya mechi, na kwa ukumbi wa uwanjani unaokodishwa kwa sherehe. Vyote hivyo vilikatika kwa mpigo.

Misaada ilikuja, tena ya aina nyingi, na kila aina ilikuwa na watetezi wake. Andiko hili ni la mweka hazina, mjumbe wa kamati au shabiki mwenye kura ambaye siku moja atawekewa karatasi mbili tatu mezani na kuambiwa achague. Mifano mingi ni ya Uingereza ya mwaka 2020 na 2021, kwa kuwa huko karibu kila njia ilijaribiwa na tunajua ilivyokwenda.

Vigezo kwanza

Watu wengi huanza na swali la kiasi: tunapewa ngapi? Mimi naona swali la kwanza liwe hili: pengo letu ni la kuchelewa au ni la hasara? Pengo la kuchelewa ni pale hela ipo na inakuja, ila itafika baada ya tarehe ya mshahara. Pengo la hasara ni pale hela haitakuja kabisa. Mechi iliyochezwa mbele ya viti vitupu huwezi kuiuzia tiketi mwakani.

Mweka hazina akae na daftari. Tuchukue klabu ya mfano yenye mashabiki 3,000 kwa mechi, kila mmoja analipa pauni 15. Mechi moja ni pauni 45,000. Ligi ya timu 24 ina mechi 23 za nyumbani, kwa hiyo kiingilio cha msimu ni pauni 1,035,000. Sasa achore safu mbili. Ya kushoto aandike kila kitu kilichocheleweshwa: mgawo wa ligi, fungu la mdhamini, awamu ya mwisho ya ada ya mchezaji aliyeuzwa. Ya kulia aandike kilichopotea moja kwa moja: kiingilio, vinywaji, ukumbi. Safu iliyo ndefu zaidi ndiyo inayosema klabu ielekee wapi.

Baada ya hapo kuna mambo manne ya kupimia kila msaada. Kasi: hela inafika kabla ya mshahara au baada? Deni: nini kinabaki vitabuni janga likiisha? Masharti: unazuiwa kufanya nini? Na mgawo: kwa kanuni gani klabu hii inapata zaidi ya ile? Hili la mgawo viongozi hulisahau, na ndilo lililozua ugomvi mkubwa kuliko yote.

Malipo ya mapema

Hapa ligi inasogeza mbele hela ambayo klabu ingepata baadaye. Tarehe 18 Machi 2020, siku tano tu baada ya mpira kusimama, EFL, chombo kinachosimamia madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu, ilitangaza kifurushi cha pauni milioni 50: sehemu yake mgawo uliosogezwa mbele, sehemu yake mikopo isiyo na riba. Mwanzoni mwa Aprili Ligi Kuu nayo ikakubali kutanguliza pauni milioni 125 kwa EFL na National League.

Kwa *kasi*, hakuna njia iliyoifikia hii. Hela ilikuwa imeshapangiwa wenyewe, kilichobadilika ni tarehe. Kwa *mgawo* pia haina kelele, maana kila klabu inapata chake kilekile.

Kwa upande wa *deni*, vitabuni huoni mkopo, lakini shimo limehamia mbele. Unayoila Aprili ndiyo uliyoitegemea Agosti. Klabu ikifika Agosti milango bado imefungwa, itakuwa imekula mbegu na mvua haijanyesha.

*Masharti* nayo yaangaliwe. Uskoti, Aprili 2020, bodi ya ligi ilipeleka azimio kwa klabu: msimu wa madaraja ya chini uishie pale ulipofika, na ndipo hela za nafasi kwenye msimamo zilipwe. Klabu zilizokuwa na njaa zikajikuta zinapigia kura mambo mawili kwa karatasi moja. Kura ya klabu ya Dundee ilisubiriwa kwa siku kadhaa. Mwanzo ilikuwa ya kukataa, kisha ikageuka kuwa ya kukubali. Partick Thistle, iliyokuwa nyuma kwa pointi 2 na mechi moja mkononi, ikashuka daraja. Inaniuma kila nikikumbuka. Hela ya mtu na hatima ya msimu ni mambo mawili, na yalistahili kura mbili.

*Inamfaa nani:* klabu ambayo safu yake ya kushoto ndiyo ndefu, na ambayo inajua kitu gani kitaziba shimo la baadaye. Kwa miezi miwili ya kusimama inatosha. Kwa msimu mzima wa viti vitupu haitoshi.

Ruzuku

Ruzuku ni hela isiyorudishwa, na kwa pengo la hasara ndiyo dawa inayolingana na ugonjwa. Lakini historia yake ya mwaka 2020 inaonyesha kwamba kuipata ni kazi.

Tuanze na *kasi*. Mwezi Oktoba 2020 ulianza na mpango wa baadhi ya vigogo wa Ligi Kuu, uliojulikana kama Project Big Picture, ulioahidi pauni milioni 250 za haraka kwa EFL. Ndani ya mpango huo huo kulikuwa na kuzipa klabu kubwa nguvu zaidi ya kura. Klabu za Ligi Kuu ziliukataa. Ikafuata ofa ya pauni milioni 50 kwa League One na League Two: milioni 20 ruzuku, milioni 30 mkopo usio na riba. EFL ikaikataa kwa sababu haikutosha na iliiacha nje Championship, daraja la pili. Makubaliano yalipatikana tarehe 3 Desemba 2020, karibu miezi tisa tangu mechi za kwanza kusimamishwa. Mweka hazina asiyekuwa na kitu kingine cha kushikilia hawezi kungoja miezi tisa.

*Deni* halipo, na hapo ndipo uzuri wake. Katika makubaliano ya Desemba, kiasi cha ruzuku kwa League One na League Two kiligeuka kuwa pauni milioni 50 zote, badala ya milioni 20 za Oktoba. Kwangu mimi hayo ndiyo mavuno ya kukataa ofa ya kwanza, ingawa si kila klabu ilikuwa na pumzi ya kukataa.

*Mgawo* na *masharti* ya makubaliano yale yanafaa kusomwa kwa makini na yeyote atakayeandaa mfuko wa namna hii. Milioni 30 zilikuwa za kufidia kiingilio kilichopotea. Nusu yake iligawanywa kwa kiwango cha chini kwa wote: pauni 375,000 kwa kila klabu ya League One na 250,000 kwa kila klabu ya League Two. Nusu ya pili ilifuata kiingilio ambacho kila klabu ilikipoteza. Milioni 20 zilizobaki zilikuwa za maombi: klabu inathibitisha shida yake, na ikipewa inakubali kubanwa kwenye usajili na mishahara. Rudi kwa klabu yetu ya mfano yenye hasara ya pauni 1,035,000: kiwango cha chini cha League Two kinafunika chini ya robo yake. Fungu la hasara halisi linaongezea, na bado lipo pengo la kuhangaikia.

Mpango ule una ngazi, na nadhani ngazi ni jambo jema. Linganisha na yaliyotokea daraja moja chini. National League ilipata pauni milioni 10 kupitia bahati nasibu ya taifa kwa miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba 2020. Ziligawanywa kwa makundi machache badala ya kufuata hasara ya kila klabu. Katika kundi la juu la National League, klabu nyingi zilipata pauni 84,000 kwa mwezi na chache 95,000. Klabu iliyozoea maelfu ya mashabiki ikapokea karibu sawa na iliyozoea mamia. Waliopoteza zaidi walilalamika, na jopo huru lililoongozwa na David Bernstein, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa FA, chama cha soka cha England, likaona kwamba kiingilio kilichopotea ndicho kilichopaswa kutangulizwa. Hela ilikuwa ya kweli na nia ilikuwa njema, lakini kanuni ya kugawa ilikosewa, na klabu zilizokuwa zikikaa pamoja kikaoni zikaanza kutazamana vibaya.

*Inamfaa nani:* klabu yenye safu ndefu ya kulia, yenye hesabu safi zinazoweza kufunguliwa mbele ya mkaguzi, na iliyo tayari kukaa msimu bila kusajili kwa mbwembwe. Klabu inayotaka kupanda daraja mwaka huohuo itaona masharti yanaibana.

Mkopo usio na riba

Watu husikia "bila riba" wakadhani ni nusu ya zawadi. Kuna klabu ambazo kweli unazifaa. Championship ndiyo mfano: kwenye makubaliano ya Desemba 2020, Ligi Kuu haikuipa ruzuku. Iliisaidia EFL kupata mkopo wa hadi pauni milioni 200, yenyewe ikibeba riba na gharama za kuupanga, hadi pauni milioni 15. Kila klabu iliwekewa ukomo wa pauni milioni 8.33, irudishe ifikapo Juni 2024. Klabu za daraja lile zina mgawo wa televisheni wa uhakika na wachezaji wa kuuza. Zina kitu cha kulipia.

*Kasi* ya mkopo hutegemea anayetoa. Ule wa EFL ulifungwa Machi 2021. Wa serikali unataka fomu, dhamana na uchunguzi wa hesabu. *Mgawo* hauna kelele sana, kwa kuwa kila mtu anabeba wake. *Masharti* kwa kawaida ni mepesi kuliko ya ruzuku ya maombi, maana mkopeshaji anachotaka ni kurudishiwa.

Uzito wote uko kwenye *deni*. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Klabu ya mfano ikikopa 600,000 na kulipa kwa miaka 10, ni pauni 60,000 kila mwaka. Kwa kiingilio cha 45,000, hiyo ni mechi moja na theluthi inayochezwa kila msimu kwa ajili ya mechi za mwaka 2020 ambazo hakuna aliyezitazama. Kwa klabu yenye ziada inabebeka. Kwa klabu ambayo hata kabla ya janga ilikuwa inafunga hesabu kwa mfuko wa mwenyekiti, hapana.

Dover Athletic ndiyo iliyolipeleka jambo hili mwisho. Ruzuku ya miezi mitatu ilipoisha, msaada wa serikali kwa National League kuanzia Januari 2021 ulikuja kwa sura ya mikopo. Dover ilisema haitakopa ili kumaliza msimu, ikaacha kucheza. Adhabu ilikuwa kali: matokeo yake yalifutwa, ikatozwa faini ya pauni 40,000 na kuanza msimu uliofuata ikiwa imepokwa pointi 12. Ilimaliza msimu huo ikiwa na pointi 1 na kushuka daraja. Upande wa pili, klabu za National League North na South, makundi mawili ya ngazi iliyo chini yake, zilipiga kura na msimu wao ukafutwa Februari 2021. Sisemi Dover ilipatia au ilikosea. Nasema kiongozi anayekataa mkopo ajue gharama ya kukataa kwa tarakimu, kama anavyotakiwa kujua gharama ya kukubali.

*Inamfaa nani:* klabu yenye pato la baadaye lililoandikwa kwenye mkataba, hasa televisheni au ada ya usajili inayodaiwa. Matumaini ya kupanda daraja hayahesabiki.

Kugusa mishahara

Huu si msaada wa kupokea moja kwa moja, ila ni wa kupunguza kinachotoka, na kwa klabu ndogo mishahara ndiyo mzigo mkuu. Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango uliolipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kazi kwa muda, kwa ukomo wa pauni 2,500 kwa mwezi. Uliendelea hadi Septemba 2021. Klabu nyingi za chini ziliutumia kwa watunza uwanja, makarani na hata wachezaji.

*Kasi* yake ilikuwa nzuri na *deni* halikuwepo. *Mgawo* ulifuata orodha ya malipo, hivyo klabu yenye wafanyakazi wengi wa kipato cha chini ilifaidi zaidi. *Sharti* lake ndilo la kukumbuka: kwa miezi ya mwanzo, anayelipiwa hakuruhusiwa kumfanyia kazi mwajiri wake. Ligi ikisimama ni sawa. Ligi ikirudi kuchezwa bila mashabiki, wachezaji wanatoka kwenye mpango, mishahara inarudi mezani, na gharama za vipimo zinaongezeka juu yake huku kiingilio bado ni sifuri. Hilo ni moja ya sababu zilizofanya klabu za League One na League Two kupiga kura Juni 2020 kumaliza msimu kwa wastani wa pointi kwa mechi.

Njia ya pili ni kuahirisha. Aprili 2020, EFL na chama cha wachezaji, PFA, walipendekeza wachezaji wa League One na League Two wanaopata zaidi ya pauni 2,500 kwa mwezi waahirishiwe hadi asilimia 25, na walio chini ya hapo walipwe kamili. Kuahirisha ni deni, tena unamdai subira mtu mwenye kodi ya nyumba na mtoto wa shule, mara nyingi mwenye mkataba unaoisha Juni. Kikao hicho kifanywe ana kwa ana, hesabu zikiwa mezani, tarehe ya kulipa ikiandikwa. Mchezaji hapaswi kusoma habari hiyo kwenye ujumbe wa simu.

*Inamfaa nani:* klabu yoyote ligi inaposimama kabisa. Ligi ikirejea na viti vitupu, nguvu yake inapungua.

Mashabiki wenyewe

Lokomotive Leipzig, ya daraja la nne Ujerumani, iliuza tiketi za euro 1 kwa mechi ya Mei 2020 isiyo na mpinzani. Lengo lilikuwa kuvuka watu 120,000 wanaosemekana kujaa uwanjani siku ya nusu fainali ya Ulaya mwaka 1987. Lengo likavukwa. Fikiria mtu aliyekaa ndani amefungiwa, ananunua nafasi kwenye uwanja ambao hataingia, kutazama mechi ambayo haitachezwa. Alikuwa analipia klabu iendelee kuwapo.

*Kasi* ni ya siku chache, *deni* la fedha hakuna, na *masharti* ni machache: useme hela inakwenda wapi, kisha uonyeshe ilikokwenda. *Mgawo* ndio unyonge wake. Klabu yenye historia na wafuasi waliotawanyika duniani itakusanya; ya mji mdogo yenye mashabiki 400 itachota kutoka mifuko ileile ambayo nayo imepoteza kazi. Tena chungu hiki hakijai mara ya pili kama ya kwanza.

Mechi za mtandaoni zinaingia hapa pia. Klabu za EFL ziliuza mechi kupitia iFollow, huduma yao ya kutazama mtandaoni, kwa pauni 10. Familia ya watu wanne iliyokuwa inalipa viingilio vinne sasa inatazama kwa malipo ya mtu mmoja. Inasaidia, lakini haifidii.

*Inamfaa nani:* klabu yenye mashabiki wengi kuliko daraja lake, au inayohitaji wiki sita za kupumua huku ikisubiri msaada mwingine.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Ligi imesimama, mshahara ni baada ya siku 10, na safu ya kushoto ina kitu: omba malipo ya mapema, weka wafanyakazi kwenye mpango wa serikali kama upo, na uache mkopo kwanza.

Ligi inaendelea bila mashabiki na hujui hadi lini: pigania ruzuku, na mtu wenu aende kikaoni na hoja ya mgawo unaofuata hasara halisi, wenye kiwango cha chini kwa wadogo. Mashabiki wabebe wiki za kusubiri.

Una mkataba wa televisheni au ada ya mchezaji inayodaiwa, na tarehe yake inajulikana: mkopo usio na riba ni chombo halali. Kopa usizidi kile kilichoandikwa kwenye mkataba huo.

Klabu ilikuwa na madeni kabla ya janga: hapa msaada wa dharura hautoshi peke yake. Macclesfield Town ilivunjwa na mahakama tarehe 16 Septemba 2020 kwa madeni yaliyozidi pauni 500,000, na matatizo yake yalianza muda mrefu kabla ya korona. Klabu ya namna hii ikutane kwanza na wanaoidai, ipange upya malipo, ndipo iombe ruzuku yenye usimamizi. Masharti ya usimamizi ambayo wengine wanayakwepa, kwake ni kinga.

Na kama mezani kuna ahadi ya milango kufunguliwa mwezi ujao, usisaini kwa hesabu ya ahadi hiyo. Uingereza mashabiki walitarajiwa kurudi tarehe 1 Oktoba 2020. Tarehe 22 Septemba mpango ukasitishwa. Desemba baadhi ya maeneo yaliruhusu watu 2,000 au 4,000, na mwanzoni mwa Januari viwanja vikawa vitupu tena. Piga hesabu mara mbili: moja milango ikifunguliwa kama ilivyosemwa, moja ikibaki imefungwa hadi mechi ya mwisho ya msimu. Karatasi ya kusaini ni ile inayobebeka kwenye hesabu ya pili.